Kamba ya Uani

Ijumaa, 3 Oktoba 1975

Leo imeletwa filamu mpya ofisini, mikanda minne ndani ya makebe yenye kutu, kutoka Hungaria. Mkuu wetu, Ndugu Gaudens, anasema ni ya kuwaelimisha vijana juu ya mimba za mapema. Mimi na Kasmir dereva tulijifungia chumbani tukaitazama ukutani mara mbili. Kumbe ni kichekesho! Msichana wa shule, miaka kumi na sita, amepewa mimba na kijana mfuga njiwa. Ili tumbo lisionekane anatembea na kinanda cha kuvuta kifuani: darasani, sokoni, hata kanisani. Kukipiga hajui. Kila akiombwa wimbo anasingizia kidole kinamuuma. Mwishoni anajifungulia katika duka la mikate la babu yake, njiwa wote wameingia ndani, unga unaruka juu. Kasmir alicheka mpaka akajikwaa kwenye waya.

Lugha yao hakuna anayeijua. Nimepewa karatasi ya Kiingereza, ukurasa mmoja. Yaliyobaki nitayajaza mwenyewe kwa kipaza sauti kama kawaida. Gari letu la sinema linasimama uwanjani, shuka jeupe linatundikwa, nami nakaa kando ya mashine nikiwapa wazungu wale Kiswahili. Onyesho likiisha nazunguka na kalamu kukusanya maoni. Jina la msichana ni refu na gumu, nimemwita Kidawa.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimetoka misa nikakuta nyumba nzima inanukia iliki. Huenda Idd ikawa kesho. Mwenye nyumba wetu, Bi Mwanamkuu, ambaye kama majirani wengi huniita Mwalimu kwa sababu ya kipaza sauti, alikuwa jikoni na wapangaji wenzangu, uani hakuna mtu isipokuwa Elieshi, bintiye Elisaria, yule Mmachame wa vyumba viwili vya mbele anayeuza maharage na vitunguu kwa jumla. Nilimkuta bafuni ameacha mlango wazi kidogo. Alikuwa anachovya kwenye ndoo vitambaa vyake vya mwezi, na vitambaa vile vilikuwa vikavu na vyeupe kabla hajavichovya.

Nyumba hii ina vyumba sita na kamba moja. Hakuna anayesema kitu, lakini kila mwanamke anajua siku za mwenzake kwa kuangalia kamba. Unaanika pembeni, unafunika na kanga, na wenzako wanaona kwamba umefunika. Asiyeonekana kwenye kamba miezi miwili, watu wanaanza kumwekea chumvi kidogo chakula, kama mjamzito.

Elieshi aliponiona akakaa chini palepale kwenye maji.

"Dada Severa, usiseme."

"Tangu lini?"

"Tangu Julai naanika hivi. Nafunika na kanga, naacha pindo kidogo lichungulie, waone."

Aliyempa mimba ni kijana wa Upanga ambaye ameshakwenda jeshini, JKT, na barua hajibu. Mtihani wa kidato cha nne unaanza tarehe kumi Novemba. Shuleni wakijua wanamfukuza siku hiyohiyo. "Nifanye mtihani tu, dada. Nikishaufanya, baba aniue akitaka." Sketi ya shule ameifumua kiunoni ipanuke, na bado ni mwembamba, sweta linamsaidia. Nimemwapia kwa Mungu na kwa rozari iliyokuwa bado mkononi.

Niandike ukweli hapa maana sina kwingine: nilimhurumia, halafu nikamsifu moyoni. Lile pindo la kuchungulia! Mimi ninayetafuta maneno ya kuchekesha watu kila siku nisingelifikiria.

Jumanne, 7 Oktoba

Idd. Bi Mwanamkuu ameniletea pilau na tambi. Elieshi kasoma jiografia mpaka mishumaa ikaisha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Magomeni, onyesho la kwanza. Watu wengi kuliko tulivyotegemea. Kinanda kiliwamaliza. Nilipomfanya mwalimu wa kwenye filamu aseme, "Kidawa, hebu tupigie wimbo wa chama," watoto waligaragara kwenye mchanga.

Kuna mahali katika mkanda wa tatu filamu inalala. Msichana anatoka barazani, anaanika nguo kwenye kamba, anabana vibanio, kimoja, kingine, na muziki hakuna. Kwenye karatasi ya Kiingereza hapana neno. Nikasikia watu wameanza kukohoa na kuzungumza. Mtu mwenye kipaza sauti hakuna anachokiogopa kama hicho. Mdomo ukatangulia.

"Haya mama zangu, tazameni kamba! Kidawa anaanika vile vitambaa tunavyovifunika na kanga. Ameacha pindo lichungulie, majirani wahesabu mwezi. Vimelowa, ndiyo. Vimelowa maji matupu!"

Wanawake walipasuka. Sijapata kusikia kicheko cha namna ile, kilianzia nyuma kwa akina mama kikaja mbele, na wanaume wakabaki kuulizana kulikoni, jambo lililowachekesha wanawake zaidi. Nilihisi joto usoni, la furaha, na chini yake kitu kingine. Magomeni ni mbali na kwetu, nikajiambia. Nani anamjua Elieshi huku?

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimenakili maoni ya jana kwa ajili ya ofisi.

Mzee mwenye kofia ya kiua: "Baba wa msichana hasimami kama baba. Anakunywa supu tu filamu nzima."

Fundi cherehani: "Kinanda cha nini? Angenijia mimi ningemshonea gauni, hata mama yake asingejua."

Kijana wa Umoja wa Vijana: "Inachekesha lakini haijengi. Watu wote hao wanalima saa ngapi?"

Mama mmoja muuza samaki wa Feri: "Mwanangu, nimecheka mpaka mbavu. Lakini nina mabinti wanne. Nikifika nyumbani naangalia kamba yangu."

Hilo la mwisho Ndugu Gaudens amelipigia mstari mwekundu. "Umeona? Filamu inaelimisha. Hiyo kamba usiiache." Niliitikia. Chai nilishindwa kuimaliza.

Jumapili, 19 Oktoba

Foleni ya sukari tangu asubuhi, hatukupata. Unga ni uleule wa njano, wa mahindi ya msaada.

Jumanne, 21 Oktoba

Ilala. Niliapa njiani kwamba leo kamba naipita kimya, au nitasema habari za njiwa. Mkanda wa tatu ulipoanza, sauti ya mwanamke gizani ikasema, "Sasa inakuja ile ya kamba, dada yangu wa Magomeni kanihadithia." Walishaambiana. Nikaisema. Nikaongeza na pumzi kabla ya neno la mwisho, nikaivuta kidogo ili wasubiri. Nilijua ninachofanya.

Niliporudi, taa ya Elieshi ilikuwa inawaka. Alinifungulia mlango wa uani, akaniuliza, "Walicheka, dada?" Nikasema, "Walicheka." Akafurahi kwa ajili yangu.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Gari limekwama Jangwani.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tangazo limetoka: Jumamosi ijayo Mnazi Mmoja, onyesho kubwa, mgeni kutoka wizarani atakuwepo. Mnazi Mmoja, hatua chache tu kutoka kwetu Kariakoo. Bi Mwanamkuu ameshasema atakwenda na wanawake wote wa nyumba hii. "Mpangaji wangu anasema kwenye gari la serikali, na mimi nisimsikie?"

Nimemwambia Ndugu Gaudens nataka kuibadili kamba. "Kwa nini?" Jibu lolote lingemtaja mtu. Akanicheka. "Umeanza kuona haya, Severa? Watu wanaijia hiyo."

Ningeweza kujifanya mgonjwa. Nimeliandika ili kesho na keshokutwa nisijidanganye kwamba sikuwa na njia.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua usiku kucha. Maji yameingia sokoni, akina mama wanauza mchicha juu ya makreti. Elisaria ameokoa magunia, mengine yamelowa. Bintiye amemsaidia kuyabeba na mimi nikamfokea mbele za watu aache, kazi ya wanaume hiyo. Alinitazama kwa hofu. Bi Mwanamkuu naye alinitazama.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Laiti ingenyesha mpaka Jumamosi.

Jumamosi, 1 Novemba

Mbingu zilikuwa safi kama zimefuliwa.

Nimerudi, sijavua hata viatu. Mnazi Mmoja palijaa mpaka barabarani. Mgeni wa wizarani mbele kwenye kiti cha mbao, na safu ya tatu, juu ya mkeka waliokuja nao, Bi Mwanamkuu, Sofia wa chumba cha nyuma, Mama Elieshi mwenyewe na jirani wengine. Mama Elieshi hajapata kwenda sinema tangu aje mjini. Alinipungia mkono. Elieshi alibaki nyumbani anasoma.

Mkanda wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu ulipoanza niliitoa karatasi ya Kiingereza ingawa haina neno, nikaishika kama mtu anayeshika kitu cha kumwokoa. Msichana akatoka barazani. Nikasema, "Kidawa anaanika nguo. Njiwa wanamwangalia." Basi, hapo nikanyamaza.

Kutoka nyuma: "Kamba!" Wa pili: "Dada, kamba!" Wakaanza kupiga makofi kwa pamoja, uwanja mzima, "Kam-ba! Kam-ba!" Mgeni wa wizarani akageuka kumwuliza Ndugu Gaudens, naye Ndugu Gaudens akanifanyia ishara na mkono, endelea. Kasmir akaninong'oneza, "Waambie, dada, wataturushia mawe."

Hakuna ambaye angerusha jiwe. Nawajua watu hawa. Wangeguna, wangezomea kidogo, filamu ingeendelea, na kesho ningekuwa msimulizi ambaye jana alikosa maneno. Hicho ndicho nilichokiogopa, na kwa hicho nikamuuza mtoto wa watu.

Nikaisema yote. Kanga, pindo, majirani, pumzi, maji matupu.

Katikati ya kicheko kile nilitazama safu ya tatu. Sofia alikuwa amemlalia mwenzake begani kwa kucheka. Mama Elieshi alikuwa anacheka na kanga mdomoni. Bi Mwanamkuu hakuwa anacheka. Alikuwa amegeuza kichwa, ananitazama mimi.

Jumapili, 2 Novemba

Sikulala. Alfajiri nilisikia ndoo bafuni, nikajua. Wiki nne zimetimia, na Elieshi ni mtu wa kushika hesabu. Nilitakiwa niruke kitandani, nitoke na chochote nilichovaa, nimwambie leo usianike. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikitafuta namna ya kumweleza sababu. Nilipopata ujasiri wa kufungua mlango, kanga ilikuwa tayari kwenye kamba, na pindo linachungulia.

Wanawake wanne walikuwa uani na hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Sofia alishika ufagio tu. Mama Elieshi alisimama na birika mkononi, anaangalia kamba, na nikaona usoni mwake jambo linafika polepole.

Bi Mwanamkuu alikwenda kwenye kamba, akainua kanga kwa kidole kimoja, akaiteremsha.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu," nikasema.

"Marahaba. Mwalimu, ile ya jana umeipata wapi?"

"Nimetunga."

"Umetunga."

Elieshi alikuwa mlangoni mwa bafu na ndoo tupu. Alikuwa hajui kwa nini watu wamesimama. Alimtazama mama yake, akamtazama Sofia, akanitazama mimi mwisho, na akabaki kunitazama.

Baadaye nilisikia kilio chumbani mwao, cha mama, si cha mtoto.

Jumanne, 4 Novemba

Watoto wa mtaani wamekwishaipata. Wanaruka kamba wakiimba, "Vimelowa, vimelowa, maji matupu!" Hawajui wanachosema. Wakubwa wanajua. Sofia amewahadithia bombani, na bomba likisikia, Kariakoo nzima imesikia. Elieshi leo hakwenda shule.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemgongea mlango mara mbili. Hafungui.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwenda dukani kwa Elisaria. Nilijipanga: nitamwomba amwache afanye mtihani kwanza, siku chache tu, nitamsindikiza mwenyewe mpaka getini kila asubuhi. Alikuwa anapima maharage. Alimaliza na mteja, akaniwekea kiti, maana ni mtu wa adabu.

Nikasema yote niliyojipanga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu Severa, nilipoambiwa Jumapili, nilikasirika, lakini nilikaa na mke wangu tukasema, hewala, limeshakuwa. Afanye mtihani, kisha tutaona. Mtoto wangu wa kwanza huyu, nimemsomesha kwa vitunguu. Hatukutaka kumtoa shule."

"Basi mwache, Baba Elieshi."

"Jumatatu amekwenda shule. Unajua alivyopokewa? Wenzake walifunga kanga mlangoni mwa darasa, wakaacha pindo. Mwalimu mkuu akauliza hiyo ni nini, wakamwambia. Mkuu akamwita ofisini, akamtazama, akamwambia asirudi." Alichota maharage akayarudisha kwenye gunia. "Mimba tungeificha. Kicheko unakificha wapi?"

Kijana mmoja mchukuzi alipita na gunia, akaita, "Mzee, kamba imekauka?" Akaenda zake anacheka. Elisaria aliendelea kuchota maharage. Inaonekana si mara ya kwanza.

Nilimwambia. Nilisema ni mimi, Elieshi aliniambia siri nami nikaiweka kwenye kipaza sauti. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Akasema, "Najua. Mke wangu alikuwepo." Halafu akainuka kumhudumia mteja mwingine.

Ijumaa, 7 Novemba

Wamempeleka Machame kwa bibi yake. Basi la Moshi linaondoka asubuhi, mama yake amekwenda naye. Nilitoka uani kumsaidia mzigo, akaniachia niushike upande mmoja. Vitabu hakubeba. Amemwachia Bi Mwanamkuu ampe mtoto yeyote anayesoma.

Barabarani nilisema, "Elieshi, nisamehe."

Aliuweka mzigo chini. Uso umemnenepa kidogo, nilikuwa sijaona. "Mama mwenyewe sikumwambia, dada. Nilikwambia wewe." Hakusema kwa hasira. Angenifokea ningekuwa na kitu cha kujibu. Kisha akauliza, "Ni kweli walicheka sana?"

Nikasema ndiyo. Akatingisha kichwa taratibu, akapanda basi.

Jumatatu, 10 Novemba

Mtihani umeanza leo. Mvua imenyesha mchana wote.

Jumatano, 12 Novemba

Bi Mwanamkuu hajanifukuza. Ananisalimu, ananipa uji, hanitanii tena. Leo ameifungua kamba ya uani, akaifunga upya akaigawa vipande viwili, kimoja kwa ndani nyuma ya banda la kuku, mtu akianika asionekane. "Tumeishi na kamba moja miaka yote," alisema, bila kunitazama, "kwa sababu humu ndani hapakuwa na mtu wa kuitangaza."

Ofisini, Ndugu Gaudens ana furaha. Mgeni wa wizarani ameisifu filamu, na Desemba gari linapanda Kilimanjaro: Moshi mjini, Kibosho, Machame. Niliposikia Machame nilikaa. Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza, na jina nikalitaja. Si mtu mbaya. Akasema, "Filamu siwezi kuizuia. Lakini maneno ni yako. Usiyaseme, yatakufa."

Nimeyashika hayo siku nzima. Usiyaseme, yatakufa. Jumamosi tuko Buguruni, nitajaribu huko.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimerudi kutoka Buguruni.

Mkanda wa tatu ulipoanza nilizima kipaza sauti kabisa, nikakilaza mapajani. Msichana akatoka barazani na kapu la nguo. Wakaita kamba. Sikujibu. Wakapiga makofi, nikainamisha kichwa, nikaanza Salamu Maria. Makofi yakapungua. Nikasikia watu wananung'unika, kisha kimya, na nikasema moyoni, Mungu ni mwema, inakufa.

Mwanamke mmoja, sikumwona, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Haya mama zangu, tazameni kamba."

Wengine wakapokea: Kidawa anaanika, tunavyovifunika na kanga, ameacha pindo lichungulie. Kwanza wachache, halafu uwanja mzima, na watoto wadogo wamo, na wanaume wamo. Walipofika mwisho walinyamaza wote kwa pamoja kwa ile pumzi, ileile niliyoiongeza mimi Ilala ili wasubiri. Waliivuta sawasawa. Kisha wakasema maji matupu, wakacheka mpaka mashine ikawa haisikiki.

Kasmir alikuwa ananiangalia. "Pole, dada," alisema. Tangu Jumatano anajua, alikuwepo ofisini.

Onyesho lilipoisha nikazunguka na kalamu, kwa sababu ndiyo kazi. Nimechukua maoni ya watu kumi na wawili. Nilimuuliza kila mmoja ni kipi kilichompendeza. Wote wamejibu kamba. Msichana mmoja wa shule alikuwa ameshika daftari tumboni kwa mikono miwili. Nilipomfikia alisema hana maoni, akaondoka haraka.